Mgeni Asiye na Mikono

Wewe unayenisikiliza, hebu niambie kwanza: mtu akiingia nyumbani kwako bila kupiga hodi, akakaa kwenye kiti cha mumeo, akala na asishibe, na desturi yenu inakukataza kumuuliza ataondoka lini, utamtoa kwa neno gani? Usinijibu haraka. Mimi nimekaa na swali hili kama mtu anavyokaa na kibanzi cha mkindu chini ya ukucha. Hakiui, lakini husuki tena kama ulivyokuwa ukisuka.

Mji wetu una jina, ila kila nikilitamka linatoka na kikohozi, basi tuliache. Uko upande wa huku wa kamba. Ni kamba kweli, ya katani, imefungwa kwenye vigingi vilivyopakwa chokaa, inashuka mabondeni na kupanda vilima, na mahali pengine imezongwa na mimea hadi kuku wanataga chini yake. Upande wa huku ni sisi, upande wa pili ni wao. Nilipokuwa darasa la nne mwalimu alitugawia rula na penseli za rangi, akatuambia tuichore. Upande wetu tukaupaka kijani, wa kwao tukaupaka njano. Mimi nilikuwa mtoto wa kupenda kazi iishe vizuri, nikanyoosha mkono: mwalimu, na pale juu ya kamba tupake rangi gani? Akasema, juu ya kamba hakuna kitu, ni hewa tu, acha peupe. Nikaacha peupe. Tangu hapo nimefiwa, nimejukuu, meno yamenitoka, na bado naona ile karatasi na ule weupe wake, na siwezi kukuambia kama aliyeuacha ni mimi au ni mtoto mwingine aliyekaa dawati langu.

Mgeni alipokuja mara ya kwanza ilikuwa asubuhi, au niseme ilikuwa inataka kuwa asubuhi. Nilikuwa nafagia uwanja. Nikaona kule kwenye vilima vya upande wa pili, kwenye mabomba yao marefu, kitu cha rangi ya maji yaliyooshewa sufuria kinanyanyuka, kinajinyoosha, kinapinda, kinakuja. Hakikwenda juu kikapotea kama moshi wa jikoni. Kilitembea. Kilipofika kwenye kamba hakikuinama wala hakikuruka, kilipita tu, kama mtu anavyopita mlango wa kwao. Makata, askari wa kamba, ambaye hata mbuzi akivuka anataka kujua ni mbuzi wa nani, alikuwa amesimama palepale na bunduki begani. Aligeuza uso kwa sababu kilimwasha macho.

Sasa kwetu mgeni ni mgeni. Haulizwi ametoka wapi wala ana shida gani mpaka ale, anywe, anawe mikono. Akishanawa, ndipo mkubwa wa nyumba, yeye peke yake, anavuta kigoda na kumwambia: haya, umekuja na lipi? Hapo mgeni husema lake, na hapo mkubwa anaweza kumjibu, kaa au nenda. Kabla ya hapo hakuna mwenye ulimi. Mtoto hana, mke wa mtoto ndiyo kabisa. Basi moshi ulipoingia, wanawake wa mtaa mzima tulifanya kama tulivyolelewa. Tulitandika mikeka mipya. Tulifunika vyakula kwa kawa. Tuliweka maji ya kunawa kwenye birika na beseni chini yake. Somoe, jirani yangu, mwanamke ambaye hajawahi kukosa la kusema, alisimama kizingitini pangu akicheka.

"Mwenzangu, wa kwako kakaa wapi? Wa kwangu kajaa nyumba nzima, hata sijui mto wa kichwa nimpe upande gani."

Nikamwambia wangu kakaa kwenye kiti cha mume wangu, Mbwana.

"Kala?"

"Anakula."

"Basi akinawa tutamuuliza. Usimharakishe, wa watu."

Hatukufikiri kwamba hana mikono. Watu wazima sisi, wenye wajukuu, hakuna hata mmoja aliyetazama. Asiye na mikono hanawi, asiyenawa haulizwi, na asiyeulizwa haambiwi nenda. Birika likabaki limejaa. Maji yakawa na utando juu, nikayamwaga, nikaweka mengine, yakawa na utando. Nilifanya hivyo kila siku, kwa adabu.

Na alikula nini?

Alianza na weupe. Sisi ni watu wa mikeka. Tunakata makuti machanga ya mkindu, tunayaanika mpaka yawe meupe kama jino la mtoto la kwanza, tunayachana miyaa, mingine tunaichovya rangi, mingine tunaiacha na weupe wake, tunasuka ukili, tunaushona. Weupe ndio kazi. Rangi yoyote ukiiweka pembeni ya weupe inasema, ukiiweka pembeni ya kijivu inanung'unika. Mgeni akajilaza juu ya makuti yetu uwanjani, yakawa rangi ya jivu. Tukakata mengine, yakawa rangi ya panya. Jua lenyewe lilikuwa kama kiini cha yai viza, unalitazama kwa macho makavu na halikufanyi kitu. Akala maua ya kunde, yakawa yanadondoka kabla hayajashika. Akala saa. Jogoo wakawika mchana, taa tukawasha wakati wa chai ya asubuhi, na Somoe alipika chakula cha mchana mara mbili, akaapa kwamba zimepita siku mbili, na hakuna aliyekuwa na ushahidi wa kumbishia. Akala nguo kwenye kamba za kuanikia. Tukanunua sabuni. Akala vifua. Tukanunua pampu za kuvuta, zile za watu wa pumu.

Sabuni inatoka upande wa pili. Pampu zinatoka upande wa pili. Na mikeka yetu, tangu bibi yake bibi yangu, wanunuzi wake ni watu wa upande wa pili. Sasa niambie, wewe pengine umesoma kuliko mimi. Mtu anakuchafua. Mtu anakuuzia sabuni. Mtu anakataa kushika mkono wako kwa kuwa ni mchafu. Huyo ni mtu mmoja, au ni watu watatu wasiojuana? Nimeligeuza jambo hilo kama mtu anavyogeuza mkeka kutafuta pale ukili ulipoanzia, na mshono haupatikani. Wakati mwingine naona ni watatu, nawaonea huruma, maana kila mmoja analala usingizi wake. Wakati mwingine naona ni mmoja ana nyuso tatu. Halafu nakohoa, najiona kwenye kioo, nami nina uso wa kijivu ambao siufahamu, najiuliza kama wa nne si mimi.

Nyumbani kwangu tulikuwa watatu. Mimi, mke wa marehemu mwanangu Nasoro, anaitwa Mishi, na mtoto wao Shamim. Nasoro alikufa kwa homa kabla mgeni hajaja, Shamim akiwa bado anatambaa. Watu walidhani Mishi atarudi kwao baada ya eda. Hakurudi. Alikaa akasuka na mimi, goti kwa goti, na kama kuna kitu duniani ninachokijua kwa vidole vyangu ni ukili wa Mishi, umekaza, hauna pengo la kupitisha sindano. Ni mwanamke wa maneno machache. Anaanza, "Mama," kisha anatazama chini, kisha anasema, "Niteke maji?" Nami najua kabisa kwamba hakutaka kusema habari ya maji.

Shamim ndiye ambaye mgeni alimshika barabara. Kifua chake kilianza kupiga filimbi. Mwanzoni nilidhani ni mchezo wa mtoto, kisha nikaona vishimo juu ya mabega vinavyodidimia kila anapovuta, na midomo inageuka rangi kama zambarau isiyoiva. Hakuweza tena kulala chali. Alilala ameketi, mgongo kwenye tumbo la mama yake, na mama yake ameegemea ukuta, na mimi nimekaa mbele yao nimeshika pampu, nikisikiliza ile filimbi inavyopanda na kushuka kama mtu anayeita mbwa wake mbali. Nilikuwa nahesabu nafasi iliyoko kati ya pumzi na pumzi. Mle ndani ya nafasi hiyo ndogo, Mungu anisamehe, mimi nilizeeka zaidi kuliko katika miaka yangu yote.

Unaweza kusema, basi, bibi, wewe ndiye mkubwa wa nyumba. Kunawa au kutonawa, si ungemwambia aende?

Kuna jambo sijakueleza.

Yule aliyekuwa kwenye kiti alikuwa anakohoa.

Alikuwa anakohoa kwa chini, mara mbili, halafu kimya, halafu mara moja, kama mtu anayetaka kuomba chumvi.

Mume wangu Mbwana alikuwa anakohoa hivyo.

Mbwana alivuka kamba nikiwa mke mpya, hina haijanitoka miguuni. Alikwenda kusukuma makaa ya mawe kwenye matanuri ya mabomba. Hakuniaga. Niliamka nikakuta upande wake wa kitanda umetandikwa vizuri, shuka limenyooshwa, na ni hilo shuka lililonijulisha, kwa maana mtu anayerudi jioni hatandiki namna ile. Nasoro nilikuwa naye tumboni. Sikupata salamu. Sasa miaka imepita mpaka imesahau njia, na anakuja mtu kutoka kulekule kwenye mabomba, ananuka makaa, anakaa kwenye kiti kilekile, anakohoa vilevile. Ungefanyaje? Nilikuwa nakaa naye mchana, Mishi akiwa kisimani. Namuuliza, ni wewe? Anauegemea mkono wa kiti kwa kiwiko chake ambacho hana. Ni wewe, Mbwana? Anajaa puani. Machozi yananitoka, na hata hayo sikujua ni ya mapenzi au ni ya kuwashwa tu. Pumzi ni ya nani, nilikuwa najiuliza. Ukiivuta ni yako. Ukiitoa ni ya nani? Kama Mbwana alipumua kule, na pumzi yake ikapanda, ikavuka, ikaingia kwangu nikaivuta, je, mimi na mume wangu hatukuwa pamoja? Na kama kwa kuwa pamoja namna hiyo mjukuu wangu anageuka zambarau, ndoa hiyo ni ndoa gani?

Kwa hiyo sikusema kitu. Nikabadilisha maji ya birika.

Siku ambayo mambo yalijikaza, Mishi alikuwa amekwenda kwenye kamba kupeleka mikeka. Alirudi nayo yote kichwani, ileile, imefungwa vilevile. Akaitua. Somoe alikuwa uwanjani kwangu amekaa na mtama wake wa kupepeta.

"Vipi, wameishiwa makalio ya kukalia?" Somoe akauliza.

Mishi akafungua mkeka mmoja, akaunusa, akanipa. "Wamesema inanuka moshi, mama."

"Moshi wa nani?"

"Niliwauliza hivyo. Mnunuzi akaniambia, sisi kwetu hakuna moshi, mnajifukizia wenyewe huko. Akasema mkeka ukikaa kwenye sebule yake, wageni wake watapata mafua."

Somoe aliacha kupepeta. "Mshenzi. Umemwambiaje?"

"Sikumwambia. Shamim alikuwa mgongoni anakohoa, nikaona akimsikia na mtoto atamkataa."

Nikaushika ule mkeka. Ulikuwa kazi ya mikono yetu minne. Nilipoupeleka puani nilinusa kikwapa cha Mbwana. Sikuwaambia. Mishi akanitazama, akasema, "Mama." Nikangoja. Akatazama chini. "Niuweke wapi?"

Alasiri hiyohiyo Shamim akakatika pumzi. Filimbi ilinyamaza, na nakuambia, kunyamaza kwake ndiko kulikonitisha. Tulimkimbiza zahanati, Mishi mbele na mtoto, mimi nyuma na kanga zimenifunguka. Muuguzi alimfunika kinywa kwa kikombe cha mvuke wa dawa, tukakaa, tukakaa, mpaka macho ya mtoto yakarudi kutuona. Yule muuguzi alikuwa msichana mwenye macho mekundu, naye mwenyewe anakohoa kwenye kiwiko.

"Mtoeni kwenye moshi," akatuambia. "Dawa hii namtia na moshi unamtoa. Tunafanya kazi ya kujaza maji kwenye pakacha."

"Tumpeleke wapi, mwanangu?" nikamuuliza. "Moshi uko kila mahali."

Akaelekeza kidevu dirishani, kwenye vilima, kwenye mabomba.

"Kulekule?"

"Unatokea juu, bibi. Mabomba yao marefu sana. Chini yake hakuna moshi. Unaruka unatuangukia sisi."

Nilicheka. Sijui kwa nini nilicheka, mtoto yuko hoi mbele yangu. Ni kama kuambiwa kwamba mahali pakavu pamoja tu duniani ni ndani ya kisima.

Kesho yake, kama ilikuwa kesho yake, tukashika njia ya kwenye kamba. Sikumuaga aliyekuwa kwenye kiti. Shamim nilimbeba mimi kidogo, Mishi kidogo. Njiani kila kitu kilikuwa na mavumbi meusi laini, ukigusa jani linabaki na alama za vidole, na mimi ninayependa kutazama vitu nilikuwa natazama: kipepeo aliyeshindwa kufungua bawa, kobe ameandikwa mistari mipya, mtaro wa maji unang'aa kama mafuta ya nywele. Mara nilikuwa bibi nimebeba mjukuu. Mara nilikuwa msichana na hina miguuni namfuata mtu. Miguu ilikuwa ileile, ndiyo inayonichanganya.

Makata alitunyooshea mkono tulipofika. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Mnavuka?"

"Tunavuka."

"Kutembea au kuhama?"

Hili nalo nikufafanulie. Kwetu mtu hahami mpaka mkubwa wa nyumba aseme mbele ya mtu wa nje kwamba fulani nimemtuma akakae mahali fulani. Akiondoka bila neno hilo, huyo katoroka. Aliyetoroka haingii tena nyumbani, hata msibani atasimama nje ya ua. Mbwana alitoroka. Ndiyo maana ya kutoniaga kwake.

Mishi alitazama chini, kwenye vidole vya miguu yake. Alivikunja mchangani.

"Wanatembea," nikasema. "Tunarudi leo."

"Haya." Makata akaishusha kamba kwa mguu. Juu ya kofia yake mgeni alikuwa anapita, mnene, kwa upana wa kijiji.

"Na huyo hapo juu yako," nikamwambia, "yeye umemuuliza kama anatembea au anahama?"

Akatazama juu, akafuta macho. "Huyo hana miguu, bibi. Nimeagizwa wenye miguu."

"Wenye miguu na mbuzi."

"Mbuzi ana miguu minne," akasema, na hakuwa anatania.

Tukavuka.

Sijui nikueleze vipi. Sisi tumetembea hatua chache tu, na mbingu ikawa bluu, bluu ya zile penseli zetu za darasa la nne. Nguo nyeupe zilikuwa zimeanikwa, zinapigwa na upepo, nyeupe za kuumiza macho. Unga wa muhogo umetandazwa uani kwa mtu, hata punje nyeusi moja hakuna. Watu wanazungumza sentensi ndefu bila kusimama katikati. Nilikuwa nimesahau kwamba watu huzungumza hivyo. Na mabomba yalisimama nyuma yao, makubwa, yametulia, unayatazama mpaka kitambaa cha kichwa kinaanguka nyuma, na huko juu kabisa ndiko moshi ulikotoka, umewageuzia mgongo, unaelekea kwetu. Hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa. Shamim alivuta pumzi. Alivuta nyingine. Alituangalia kwa mashaka kama mtoto aliyepewa kipande cha nyama kikubwa kuliko alivyozoea, anayengoja aambiwe arudishe.

Mishi akakaa naye kwenye majani, chini ya ukuta. Mimi nikasogea penye bomba la maji, nimtafutie ya kunywa.

Pale kwenye maji alikuwepo kijana ananawa uso. Shati lake lilikuwa na kiraka begani, na kiraka kile kilishonwa kwa uzi wa miyaa, mshono wa kukaza, mshono wangu. Akainuka. Alikuwa Mbwana. Hakuwa Mbwana mzee, alikuwa Mbwana wa lile shuka lililonyooshwa, na maji yanamchuruzika kwenye ndevu ambazo hazijawa ndevu.

"Shikamoo, bibi," akaniambia.

Mume wangu. Akaniambia shikamoo.

"Marahaba," nikasema, maana mtu akikuamkia utafanyaje.

"Umepotea?"

"Namtafuta Mbwana wa Mkasi."

"Ndiye mimi. Nani kakutuma?"

"Una mke?" nikamuuliza.

Akaona haya, akakung'uta maji mikononi. "Ninaye, upande wa huko wa kamba. Msichana bado. Nikipata cha kumpelekea nitarudi."

"Hukumuaga."

"Ningemuaga ningebaki, bibi. Wewe mtu mzima, unajua." Kisha akaniangalia vizuri. "Unamjua? Hajambo?"

Nikafungua mdomo nimwambie ana mtoto, mtoto alikua, alioa, amekufa, ameacha mtoto, mtoto hawezi kupumua. Kila neno lilikuwa na neno jingine mbele yake. "Hajambo," nikasema. "Ila moshi wenu unamsumbua."

"Moshi gani?"

Nikamwonyesha juu. Alitazama kama mtu anayetazama dari ya nyumba ya wengine.

"Aa, ule? Ule unapanda, bibi. Tuliambiwa ukishapanda unaisha." Akajifuta kwa mkono wa shati, akaniaga kwa adabu, akarudi kwenye matanuri, na mlango ukafungwa nyuma yake. Hakukohoa hata mara moja.

Basi nikabaki pale na kikombe cha maji. Kama huyu ndiye Mbwana, yule aliyeko kwenye kiti changu ni nani? Na kama yule ndiye Mbwana, nimeitikia shikamoo ya nani? Nilimngoja miaka yote hiyo, na alikuwa hapa, hajazeeka hata siku moja, kwa kuwa kilichotoka kwake cha kuzeesha kilipanda juu kikaja kutuzeesha sisi. Au pengine hakuwa yeye, ni kijana tu wa watu mwenye kiraka. Macho yangu yalikuwa yamezoea kiza, mwanga ule ungeweza kunionyesha lolote. Mpaka leo siwezi kuapa. Lakini kitu kimoja kilinikaa wazi, katikati ya mambo yote yaliyochafuka: kule nyumbani, kwenye kile kiti, nilikuwa namwangalia mtu wangu na hapakuwa na mtu. Palikuwa na uchafu wa kazi yake.

Niliporudi ukutani nilikuta Shamim amelala. Amelala chali. Mikono ameitupa juu ya kichwa, mdomo wazi, tumbo linapanda na kushuka polepole bila sauti yoyote. Mishi hakuwa amemgusa. Alikaa pembeni amekumbatia magoti, anamtazama kama mtu aliyekabidhiwa chombo cha watu cha udongo. Sikukumbuka mara ya mwisho kuona mgongo wa Mishi hauna mtoto wala ukuta. Ulikuwa mgongo mdogo sana.

Jua lilikuwa linateremka upande wa vilima. Nikafunga kanga.

"Twendeni, Mishi. Makata anafunga kamba."

Hakuinuka.

"Mama," akasema. Nikangoja aseme habari ya maji, au ya kanga, au ya mzigo. Alitazama chini. Kisha akainua macho, akayaweka juu yangu, na hakuyaondoa.

"Mama, mimi sirudi. Nataka kubaki hapa na Shamim. Nimelitaka tangu alipoanza kulala ameketi, nikawa naogopa utasema nimemchukua Nasoro wako mara ya pili. Najua hawa ndio wanaotuua. Nitawafulia nguo hawahawa wanaotuua. Lakini sitaki kutoroka. Nikijisemea mwenyewe nitakuwa nimekukimbia. Ukisema wewe, nitakuwa nimetumwa."

Upepo ulikuwa unapeperusha nguo za watu. Nikainama nikamnusa Shamim utosini. Alinuka mtoto. Hakunuka kitu kingine chochote. Nikavua kanga yangu ya juu, nikamfunika miguu, nikamwekea Mishi mkono kichwani kama nilivyomwekea siku alipoletwa kwangu bibi harusi. Yeye alilia. Mimi nilikohoa.

Nikashuka peke yangu hadi kwenye kamba. Makata alikuwa anakaza fundo. Nyuma yake, upande wetu, hakukuonekana nyumba wala mti, ni ule ukuta wa kijivu unaotembea.

"Bibi, wenzako wako wapi? Ulisema wanatembea."

"Nimewatuma wakakae. Mishi binti Kombo na mtoto wake Shamim, nimewatuma mimi, mkubwa wa nyumba yao. Wewe ni shahidi."

Akaliachia fundo. "Na wewe mbona unarudi? Kule ni kuzuri, watu wanasema. Kaa na mjukuu wako."

Nikanyanyua mguu, kwa taabu, nikavuka. Moshi ukanipokea usoni, ukaniingia puani, ukakohoa kwa chini, mara mbili, halafu kimya.

"Nina mgeni nyumbani," nikamwambia Makata. "Nataka nikamwambie aondoke."